Niliwaonyesha kidato cha tatu filamu nzima ya volkano, wakakumbuka helikopta

#1 Chaki na Vumbi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nafundisha Jiografia shule ya kata, mkoa siutaji. Mwezi uliopita tuliazimwa projekta. Kidato cha tatu tulikuwa kwenye volkano, nikasema hii ndiyo siku yenyewe. Nikapakua filamu ya dakika 50, usiku wa manane bando likiwa rahisi. Nikaomba vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Wanafunzi 68 kwenye mkondo mmoja. Madirisha tuliziba kwa vitenge vya walimu wa kike na turubai moja la jikoni. Nikabonyeza, nikaenda kukaa nyuma.

Sijawahi kuona darasa limetulia vile. Hata yule kijana wa dawati la mwisho anayelala tangu kidato cha kwanza alikuwa macho makavu. Kengele ilipolia wakapiga makofi. Nikarudi ofisini natembea kama nimepandishwa daraja.

Wiki iliyofuata nikatoa jaribio la maswali matano. Swali la kwanza: kwa nini volkano nyingine lava yake hutiririka taratibu na nyingine hulipuka? Waliojibu kitu kinachoeleweka ni tisa. Tisa kati ya 68. Nikaweka karatasi pembeni, nikawauliza kwa mdomo, haya niambieni mnachokumbuka. Mikono ikapanda darasa zima. "Helikopta, mwalimu!" "Yule mzungu aliyeungua buti!" "Yule mbuzi!" Mimi mwenyewe mbuzi sikumwona, ilibidi nirudie filamu. Yupo kweli, sekunde mbili, anapita nyuma ya mtangazaji.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba karibu wote waliandika lava ni nyekundu. Lava yoyote, popote. Sisi tuna Oldoinyo Lengai hapo jirani na Ziwa Natron, mlima ambao lava yake mchana inaonekana nyeusi au kahawia, nyepesi kama oili chafu ya gari, joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi wakati ile ya Hawaii inapita 1,100. Ikikaa siku chache hewani inageuka nyeupe, ndiyo maana ukitazama picha za kilele chake unadhani kuna theluji. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo sasa hivi. Na mimi, mwalimu wa Jiografia wa Tanzania, nimewafundisha watoto 68 kwamba lava ni ile ya Hawaii.

Filamu haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni aliyekwenda kukaa nyuma.

Mkondo wa B nikabadilisha. Nitaeleza, ila nataka kwanza niwasikie wenzangu: mnazitumiaje filamu na slaidi darasani, na mmeshaumbuka wapi?

#2 Kobe wa Jumatatu

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, turubai la jikoni? Mpishi alisemaje?

#3 Chaki na Vumbi

Mpishi alikuja kuangalia filamu. Naye anakumbuka helikopta.

#4 Mwl Bila Umeme

Mleta mada hongera, lakini hizi ni mada za wenye nguzo. Kwangu umeme ulifika hadi kwenye ofisi ya mkuu ukaishia hapo. Darasani soketi zipo ukutani, zimepakwa na rangi, ndani hakuna waya. Projekta nikiletewa nitaitundika kama picha ya ukutani. Tuongelee manila na kalamu za rangi, ndizo zana tulizo nazo.

#5 Andalio la Somo

Mimi nina swali tofauti. Chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, 30 ya anachoona, 50 ya anachoona na kusikia pamoja, na kuendelea hadi 90 kwa anachotenda. Hadi leo imebandikwa ofisini kwetu. Sasa kama filamu ni kuona na kusikia, walau nusu walitakiwa wakumbuke. Au darasa lako lina tatizo?

#6 Chaki na Vumbi

Mwalimu Andalio, usikasirike, hata mimi nilizikariri hizo namba na nikazijibia mtihani. Zile asilimia hazina utafiti nyuma yake. Huwa zinabandikwa jina la Edgar Dale wa Marekani, aliyechora "koni ya uzoefu" katika kitabu chake cha mwaka 1946 kuhusu zana za kuona na kusikia. Koni ya Dale haina namba hata moja. Alikuwa anapanga tu aina za uzoefu, kutoka kutenda kitu chenyewe hadi maneno matupu, filamu zikiwa katikati. Asilimia walikuja kuzichomeka watu wengine baadaye, zikawa zinahama kutoka kitini hadi kitini. Jiulize tu, nani alipima akapata 10, 20, 30, 50, namba zote zimekatwa kama mkate? Utafiti wa kweli huja na 23 na 41.

Thomas Edison, mvumbuzi wa Marekani, naye alisema mwaka 1913 kwamba vitabu vitakufa mashuleni, filamu itachukua nafasi, na ndani ya miaka kumi shule zitakuwa zimebadilika kabisa. Leo ni zaidi ya miaka mia na mimi nagawa kitabu kimoja kwa wanafunzi wanne.

#7 Mzee wa Slaidi

Vijana, hamjambo. Mimi ni mstaafu, mjukuu ndiye aliyenionyesha uzi huu, nikaona niandike.

Nilianza ualimu miaka ya sabini. Tulikuwa na projekta ya slaidi, ile yenye sahani ya duara juu, inaingia picha 80. Kila slaidi ni kipande kidogo cha filamu kwenye fremu ya karatasi ngumu. Sasa kipande hicho kina namna nane za kukiingiza: pande nne ukigeuza, mbele na nyuma. Namna moja ndiyo sahihi, na hiyo yenyewe lazima picha iwe kichwa chini ndipo itokee wima ukutani. Kwa hiyo mwalimu wa slaidi alilala amechelewa. Alikaa na taa, anazitazama moja moja, anazipanga, anatia alama kwa kalamu kwenye kona. Asubuhi anajua kila picha na anajua atasema nini. Balbu ikiungua ndiyo imeungua, mpya inaagizwa mjini, kwa hiyo hukuwasha mashine ovyo.

Na slaidi haiendi mpaka uiambie. Picha ya korongo la mmomonyoko ilikaa ukutani dakika kumi huku watoto wanabishana nani alikata miti. Filamu hainisubiri. Ndiyo tofauti niliyoiona, na sikuisoma kwenye kitabu.

Mambo haya si mageni hapa kwetu. Januari 1854 mmisionari Livingstone alikuwa kwa mtawala Shinte wa Walunda, upande wa Zambezi ya juu, karibu na mpaka wa leo wa Zambia na Angola. Alikuwa na taa ya kuonyeshea picha za kioo. Ya kwanza ilikuwa Ibrahimu ameinua kisu juu ya mwanawe. Alipoanza kuisogeza ile picha ili kuiondoa, kisu kikaonekana kinawajia wanawake waliokaa mbele. Wakapiga kelele za kumwita mama, wakakimbia kila upande wakiangukiana. Shinte mwenyewe alikaa hadi mwisho, kisha akaichunguza mashine. Watu huicheka hadithi hii. Mimi sicheki. Wale kinamama waliona kitu kinachosogea, wakasoma kile kilichosogea. Watoto wako wameona helikopta inasogea, wakasoma helikopta. Na Livingstone mwenyewe aliandika kwamba watu walitembea mbali kuja kuona picha na kusikia maelezo yake. Na maelezo. Msiliruke neno hilo.

Baadaye, 1935 hadi 1937, pale Vugiri milima ya Usambara, Waingereza walifanya majaribio ya filamu za elimu kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Kwetu Korogwe wazee walilijua gari la sinema. Filamu za safura, malaria ya watoto, kahawa, chai, kuweka akiba posta. Sauti haikuwa ndani ya filamu, ilikuwa kwenye santuri, ili filamu ileile iseme Kiswahili hapa na lugha nyingine huko Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo). Baada yao serikali ya kikoloni iliendelea na magari ya sinema, msemaji amesimama na kipaza sauti anaeleza kwa lugha ya watu waliokaa pale.

Ila walitudharau. Waliamini Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, eti ipigwe polepole, picha zisikatwekatwe. Wakati huohuo Zanzibar na Dar es Salaam watu walijaa sinema kutazama filamu za Kihindi, wanatoka wanaziimba nyimbo zake zote.

Samahani kwa urefu.

#8 Kobe wa Jumatatu

Shikamoo mzee. Namna nane za kuingiza slaidi! Mimi flashi tu naigeuza mara tatu ndipo iingie.

#9 Mzee wa Slaidi

Marahaba mwanangu.

#10 Teacher wa Magharibi

Salamu kutoka Kenya, walimu. Mimi ni wa Biolojia, na nina kesi inayofanana na ya lava. Damu ya buluu. Kila mchoro wa mzunguko wa damu, kila katuni ya video, ateri ni nyekundu na vena ni buluu. Nilionyesha slaidi safi kabisa, nikauliza damu ndani ya vena ina rangi gani, nusu ya darasa ikasema buluu. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, hata wewe mkononi iko buluu, tazama." Ikabidi niwakumbushe sindano ya hospitali: huwa inachoma vena, sasa ile chupa inajaa rangi gani? Kimya. Halafu kicheko.

Siku hizi kabla ya slaidi yoyote naandika ubaoni sentensi moja: "Picha hii inadanganya wapi?" Wanaipenda kuliko somo. Moyo umechorwa kushoto kwake kuko kulia kwetu, wameiona. Seli zimechorwa kama chumba kitupu chenye vitu vitatu, wameiona. Mbegu ya maharagwe inaota kwa sekunde ishirini, mmoja akauliza, "Kwa hiyo siku ngapi kwa ukweli?" Tukapanda kwenye mikebe, tukahesabu wenyewe.

#11 Andalio la Somo

Nimeelewa kuhusu namba, nimekubali ingawa nimeumia. Ile karatasi ya ofisini nitaibandua nikipata ujasiri. Teacher, hiyo ya "inadanganya wapi" nakwenda nayo. Sayari kwenye slaidi zangu zimepangana kama nguo kwenye kamba.

#12 Teacher wa Magharibi

Hiyo hakuna slaidi itakayoitosha. Toeni watoto kwenye uwanja wa paredi. Chungwa la sentimita nane hivi liwe jua. Dunia itakuwa chembe ya mchanga isiyofika milimita moja, na utembee hatua tisa kubwa kabla ya kuiweka chini. Kipindi hakihitaji umeme, Mwalimu Bila Umeme unanisikia?

#13 Chaki na Vumbi

Nimeahidi kueleza mkondo wa B.

Kwanza tatizo ambalo sikulisema. Ile filamu ni ya Kiingereza, mtangazaji ana lafudhi ya kwao, anakwenda kasi. Mimi mwenyewe nilikosa maneno kadhaa. Watoto wangu walianza kufundishwa masomo kwa Kiingereza juzi tu kidato cha kwanza, kabla ya hapo miaka saba yote ni Kiswahili. Walikuwa hawasikilizi kabisa. Walikuwa wanatazama. Nani angekumbuka kitu zaidi ya helikopta?

Nikakumbuka vibanda umiza. Mnaokumbuka mtaani, benchi, jasho, shilingi zako mkononi, na mkanda wa Kichina au wa Kimarekani uliotiwa sauti na Lufufu. Yeye hakutafsiri neno kwa neno. Alikueleza huyu ni nani, kwa nini amekasirika, mwangalie yule pembeni anachomoa kisu. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana mavijei wao. Bibi yangu hakujua neno la Kiingereza, lakini filamu ya Lufufu alikuwa anaisimulia hadi kesho yake, na majina ya wahusika amewapa mwenyewe.

Basi nikazima sauti. Mzee ameniambia leo kwamba Vugiri walishafanya hivyo kwa santuri, sikujua, nimefurahi na nimeona aibu kidogo.

Katika dakika 50 nikakata vipande vitatu, jumla dakika nne na nusu. Cha kwanza Hawaii, lava inatiririka. Cha pili mlipuko wenye wingu la majivu. Cha tatu nilikitafuta kwingine, kreta ya Oldoinyo Lengai yenyewe.

Kabla ya kuwasha nikaandika swali moja ubaoni: "Uji na ugali vikichemka, kipi kinaruka na kukuunguza mkono?" Hilo kila mtoto wa kike na wa kiume wa hapa anajua. Uji mwepesi povu linapasuka linaisha. Ugali mzito hewa inanaswa chini, inajikusanya, ikitoka inatoka na tone la moto. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, ikiwa nyepesi, gesi inapita. Magma nzito yenye silika nyingi (madini yaliyojaa kwenye mchanga), gesi inanaswa. Tukakubaliana, kisha nikasema sasa tazameni vipande viwili mniambie upi uji na upi ugali.

Kipande cha kwanza kikaenda sekunde 40, nikasimamisha picha. "Mnaona nini?" Si "mmeelewa?", jamani, hilo swali la "mmeelewa" tuliache, jibu lake ni "ndiyoo" tangu enzi za mkoloni. Wakasema uji. Kwa nini? Unatembea, hauruki. Nikarudia kilekile mara ya pili, nasimulia nimesimama pembeni ya picha, nagusa ukuta kwa fimbo. Kipande cha pili hivyohivyo.

Cha tatu nikakisimamisha kabla hakijaanza. Nikauliza lava ni rangi gani. Nyekundu! wote. Nikabonyeza.

Msichana wa dawati la pili akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mbona ya kwetu nyeusi?"

Sikumjibu. Nikawaambia wajadiliane dakika tano, kila benchi. Mmoja akasema ni matope. Mwingine akasema joto ni dogo, kama chuma kikiwa hakijawaka vizuri kwa mhunzi. Hapo nilikaribia kulia, maana ndiyo sababu kubwa, na sikumfundisha. Kemikali ya lava yenyewe ni tofauti, imejaa soda na haina silika ya kutosha, hiyo nikaongezea mimi.

Jaribio lilelile wiki iliyofuata: 41 kati ya 66. Sisemi huu ni utafiti, na B huwa wanawazidi A kidogo. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika helikopta.

#14 Mwl Bila Umeme

41. Nimeona umeandika namba ya kweli, si 40.

#15 Kobe wa Jumatatu

😂😂 ameikamata.

#16 Mhadhiri Msaidizi

Naomba kuingiza la slaidi za siku hizi, kwa sababu huku vyuoni ndiko ugonjwa uliko. Mtu anafungua kompyuta, slaidi 60, kila moja imejaa maandishi kama hukumu ya mahakama, anaisoma neno kwa neno kawapa wanafunzi mgongo. Nimefanya hivyo miaka mitatu, naungama.

Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelipima jambo hili kwa miaka mingi. Picha na sauti vinasaidiana. Picha, sauti na maandishi ya maneno yaleyale kwa wakati mmoja vinagombana, kwa sababu macho yanalazimika kuchagua kati ya picha na maandishi. Kwa hiyo ninaposema, ukutani iwepo picha au neno moja. Ninapotaka wasome, nanyamaza.

Mbinu moja ndogo: mkiwa kwenye PowerPoint mnaonyesha, bonyeza herufi B, skrini inakuwa nyeusi, na macho yote yanarudi kwako. Bonyeza tena, picha inarudi. Nilipoijua nilihisi nimedhulumiwa miaka mitatu. Na kwa wale wa filamu, kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, ukibonyeza E wakati imesimama inasogea fremu moja moja. Maporomoko, mlipuko, kipepeo anatoka kwenye kifukofuko, unaviona hatua kwa hatua kama slaidi za mzee.

Jambo la mwisho, usiruhusu wanakili slaidi. Wakinakili hawakusikilizi. Nawaambia kalamu chini, maandishi nitawapa mwishoni.

#17 Andalio la Somo

Kalamu chini kwa watoto wa sekondari? Mkaguzi akikuta madaftari matupu utaandika barua ya kujieleza wewe. Mimi nagawa: dakika kumi za picha kalamu chini, kisha dakika kumi waandike kwa maneno yao. Daftari linajaa na mimi napona.

#18 Mzee wa Slaidi

Mwalimu Andalio una akili ya kazi.

#19 Mwl Bila Umeme

Nimerudi baada ya wiki mbili, sikutaka kuja mikono mitupu.

Nilipiga picha za skrini kutoka kwenye filamu ya mto, sita tu: chanzo, maporomoko, mpindo, ziwa lililokatika kwenye mpindo, delta, na moja ya mafuriko. Nikazichapa mjini kwenye duka la steshenari, karatasi za kawaida, nyeusi na nyeupe, kwa fedha yangu (muhtasari wa kikao utasema "walimu wabunifu", fedha hairudi). Nikazichanganya. Makundi kumi, kila kundi picha sita, kazi yao kuzipanga kutoka mlimani hadi baharini na kueleza kwa nini. Walibishana hadi kengele. Makundi manne yaliweka mafuriko mwisho kabisa kana kwamba ni sehemu ya mto, tukapata la kuzungumza kipindi kizima kilichofuata.

Halafu kwa ile yenyewe inayosogea, simu yangu. Kundi moja moja linakuja mezani, sekunde 30, wengine wanaendelea na picha zao. Sauti nimezima. Lufufu wa mto ni mimi.

#20 Chaki na Vumbi

Mkuu, hizo picha sita zitume humu. Projekta ya kuazima imeshachukuliwa na mwenyewe, na Jumatatu nina kidato cha tatu A, wale wa helikopta. Nawadai volkano.

#21 Mwl Bila Umeme

Nakutumia usiku, bando likiwa rahisi. Za mto ni hizo sita. Za Lengai utazipiga mwenyewe kutoka kwenye kipande chako cha tatu, ila zichape za rangi, nyeusi na nyeupe haitakusaidia.

#22 Kobe wa Jumatatu

Na mbuzi?

#23 Chaki na Vumbi

Mbuzi nimemkata.